Kikapu cha Damu ya Mzee

Hotuba kwa wafumaji waliokutana Iringa mjini, mwezi Juni

Kamwene!

Mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana wa kiume mliokaa kule karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo. Wanaume wanaofuma ni wachache kwenye mikutano yetu, na sitaki mkae kama watu waliopita tu kujikinga na baridi.

Nimetoka Uyole, kule Mbeya, jana asubuhi. Anayeijua barabara hii anajua inavyofanya: Uyole tumejifunika hadi masikioni, tukishuka Chimala na Igawa jua linawaka, watu wanavua kimoja kimoja, halafu gari linapanda Makambako na kila mtu anavaa tena alichokivua. Pale Makambako nikageuka nikaangalia nyuma. Nikahesabu masweta. Yalikuwa 19, na katika hayo saba yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea. Hayakuwemo hata mawili yaliyofanana. Moja limekolea karibu na weusi, jingine limepauka kwa kufuliwa na kuanikwa juani, jingine lina wekundu wa udongo wa hapa kwenu, jingine lina uzambarau kwa mbali. Wote saba ukiwauliza rangi ya sweta lao watakujibu neno moja.

Nimeombwa niseme juu ya kikapu hiki. Kimesukwa kwa nyasi za milulu na mama mmoja wa huku huku Iringa, nami nimekuwa nacho miaka 11. Ndani yake kuna uzi wa damu ya mzee, na hakuna rangi nyingine. Nimeupima juzi: kilo tatu na gramu 400. Mlipopita pale mlangoni wengine mliniuliza kama nauza. Siuzi. Wengine mliuliza kwa nini mtu ajaze kikapu rangi moja wakati duka lina rangi thelathini. Swali hilo ndilo lililonileta.

Nianze na rangi yenyewe, kwa sababu naipenda na sioni haya kusema hivyo. Rangi nyingi za Kiswahili tumezitoa kwenye vitu tunavyovishika kila siku. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu la jikoni. Kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, na wazee wetu wana rangi ya ugoro. Lakini hii moja tumeipa jina la mtu. Damu ya mzee haiwaki kama nyekundu ya kijana, imetulia, ina giza kwa ndani. Ukiivaa na ngozi yetu inakaa vizuri. Ikiingia vumbi haitangazi. Na huku Nyanda za Juu Kusini ndiyo rangi ya masweta ya shule nyingi, kwa hiyo wengi wetu ndilo joto la kwanza tulilovaa tukiwa na miaka saba.

La kwangu mimi alilifuma bibi.

Bibi alikuwa mtu wa Rungwe, chini ya mlima, upande ule ambako mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Kufuma alijifunza ujanani kwa akina mama wa kanisa. Wamoraviani wapo Rungwe tangu 1891, na akina mama wale walikuwa wakikaa pamoja na sindano mchana baada ya shamba. Nilipoandikishwa darasa la kwanza, ikaja taarifa: sweta la damu ya mzee. Bibi hakuwa na fedha za kununua uzi wa sweta zima kwa mkupuo. Alikuwa na migomba. Kila siku ya gulio alipeleka mkungu mmoja wa ndizi, akarudi na donge moja la uzi. Magulio sita, madonge sita. Na kila donge lilikuja na damu ya mzee yake, kwa sababu muuzaji alikuwa anauza alichonacho siku hiyo.

Lile sweta lilikuwa na mistari myembamba, iliyokolea na iliyopauka, ikipishana miwili miwili kuanzia kiunoni hadi shingoni. Mimi nilidhani ni urembo. Nililipenda kwa sababu hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na sweta lenye mistari. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba yule mwanamke alikuwa ametatua kwa sindano mbili tatizo ambalo mimi, na cheti changu cha ufundi, lilinishinda.

Sikilizeni lilivyonishinda. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea nilipata oda ya kwaya, masweta 12, damu ya mzee. Malipo ya awali yalitosha nusu ya uzi. Nikanunua nusu, nikafuma migongo na vifua. Nikapata fedha nyingine, nikarudi duka lilelile, nikaonyesha kipande, nikahakikishiwa kwamba ni uzi uleule. Nikaushika chini ya taa ya duka, nikauona uleule. Nikafuma mikono yote 24. Jumapili kwaya ikavaa, ndani ya kanisa wamependeza kweli. Ibada ikaisha, wakatoka nje kupiga picha juani, na pale nje kila mtu akaona: kifua cha rangi moja, mikono ya rangi nyingine, watu 12 wamesimama kwa mstari. Nililipwa nusu. Sikuwalaumu, na wala leo siwalaumu.

Sasa kwa nini uzi wa jina moja unakuja na rangi mbili? Hili nataka tulielewe vizuri, kwa sababu ndipo fedha zetu zinapopotelea.

Zamani rangi ya namna hii ilitoka kwenye mizizi. Ulaya na Asia walilima mmea unaoitwa madder, wakauacha ardhini kama miaka mitatu, ndipo wachimbe mizizi na kupika nayo sufu. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini ya malaria kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, akapata maji ya zambarau yaliyoshika kwenye hariri. Hiyo ikafungua mlango. Mwaka 1868 Wajerumani wawili, Graebe na Liebermann, wakaweza kutengeneza maabara ile rangi iliyokuwa ndani ya mizizi ya madder, na wakulima wake wakakosa soko katika miaka michache. Tangu hapo rangi inatoka kiwandani. Lakini kiwandani nako bado ni kupika. Wanapika pipa kwa pipa. Maji yakibadilika kidogo, joto likizidi kidogo, uzi ukikaa dakika kadhaa zaidi, pipa la leo halitoki sawa na pipa la jana. Ndiyo maana karatasi iliyozungushiwa donge ina namba mbili: moja ni namba ya rangi, nyingine ni namba ya loti, yaani pipa. Namba ya rangi ikifanana na ya loti ikitofautiana, usifumie kifua na mkono. Mimi siku ile sikuitazama namba ya pili, kwa sababu sikujua ipo.

Na taa nayo inadanganya. Nyuzi mbili zilizopikwa kwa michanganyiko tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kutengana chini ya nyingine. Wekundu ndio unaonewa zaidi na hizi taa nyeupe za madukani. Mwombe mwenye duka kwa upole, shika donge, toka nalo barazani. Nimefanya hivyo sokoni Mwanjelwa kule Mbeya, nimefanya Njombe, sijawahi kukataliwa.

Basi ushauri wa kawaida unajulikana: nunua uzi wote wa kazi yako siku moja, loti moja. Ni ushauri mzuri. Unamfaa mwenye fedha. Humu ukumbini ni wangapi wanaweza kununua gramu 600 za uzi siku moja, kabla mteja hajalipa? Nyosheni mikono. Naona miwili. Sisi wengine tunanunua kama bibi yangu, mkungu mmoja donge moja. Na kwa mtu anayenunua hivyo, najua njia moja tu inayomfikisha kwenye sweta zima bila kupata aibu ya kwaya: achague rangi moja, aishike hiyo miaka na miaka, na aache kabisa kutafuta nyuzi zinazofanana. Azikusanye zinazotofautiana, kisha azipange.

Hapo ndipo kikapu kinapoingia. Mtu mwenye madonge kumi ya rangi kumi, kila moja gramu 30, ana mabaki. Hawezi kufanya nalo chochote isipokuwa maua ya kitambaa cha kochi. Mtu mwenye madonge kumi ya damu ya mzee, hata kama hakuna mawili yaliyopikwa pipa moja, ana sweta la mtoto wa shule na chenji juu.

Nionyeshe kupanga. Chukua madonge yako yote, yaweke mchana kwenye mkeka, yapige picha kwa simu, halafu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Simu nyingi za kamera siku hizi zina uwezo huo. Rangi ikiondoka inabaki giza na mwanga, na giza na mwanga ndivyo jicho linavyoviona kwanza kwenye nguo. Yapange kuanzia lililo jeusi zaidi hadi lililo jeupe zaidi. Mawili yanayokaa jirani kwenye picha hiyo yatakubaliana kwenye sweta, hata kama moja lina uzambarau na jingine lina udongo. Yanayorukana mbali yatachora mstari, upende usipende.

Halafu kuna namna mbili za kuvuka kutoka donge moja hadi jingine. Uzi ukiwa mnene, fanya ya bibi: mistari miwili ya donge la kwanza, miwili ya donge la pili. Miwili, usifanye mmoja, kwa sababu uzi ulioacha pembeni kulia ni lazima urudi kulia uukute. Uzi ukiwa mwembamba, na huu wa mashine za masweta ni mwembamba, shika nyuzi tatu kwa pamoja kama mmoja. Anza na tatu zilizokolea. Fuma mistari sita. Kata mmoja, ingiza mmoja uliopauka. Sasa una mbili kwa moja. Mistari sita tena, kata mwingine: moja kwa mbili. Sita tena, zote tatu ni zilizopauka. Sweta hili nililovaa lina loti tisa ndani yake. Mama uliyekaa hapa mbele, njoo, shika hapa kiunoni, panda na kidole hadi begani, niambie kidole chako kimevuka wapi. … Haya, anasema haoni. Loti tisa hizo, nimezinunua kwa miaka mitatu.

Mnazipata wapi? Madukani mnakujua. Pa pili ni kwa mafundi wa mashine. Msimu wa shule kufunguliwa, kuanzia Desemba hadi Januari, fundi masweta anashusha koni za uzi, moja baada ya nyingine, na kila koni inabakiza kitako, uzi usiotosha sweta jingine. Kwake ni kero, kinajaza kona. Mwambie mapema kwamba damu ya mzee ni yako. Mimi nina mafundi watatu wanaoniwekea, na mmoja ananiita mama damu ya mzee barabarani, naitika.

Pa tatu ni mtumba, na hapa naomba dakika chache kwa sababu watu wengi wananunua vibaya. Hili nimelinunua Mwanjelwa Jumamosi. Ni kubwa, la kiume, limetoboka kiwiko, ndiyo maana lilikuwa chini ya rundo. Kwanza nililigeuza ndani nje nikaangalia mshono wa ubavuni. Tazameni: kingo mbili zimekutana, zimeunganishwa kwa uzi mwembamba unaokwenda kama mnyororo, na kila ukingo una vitanzi vyake vizima. Hili linafumuka. Lile lingine ninalolipitisha mkononi kwenu limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki. Kila mstari wake umeisha pale ulipokatwa, ukilifumua unapata vipande vya urefu wa kifua chako, mia mbili na zaidi, na hakuna wa kuvifunga mafundo. Hilo la pili lifaeni kuvaa, msilifumue. Na sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto likagandamana kama blanketi, nalo liacheni.

Ukilipata zuri, kata uzi wa mnyororo kwa ncha ya wembe, taratibu, ukivuta kidogo utausikia unatoka wenyewe trrr kama zipu. Tenganisha mikono, kifua, mgongo. Tafuta mwisho upande wa juu, shingoni au begani, kwa sababu masweta mengi yamefumwa kutoka chini kwenda juu na hufumuka kurudi nyuma. Zungushia uzi mgongoni mwa kiti. Utatoka umejikunja vitanzi vitanzi kama nywele zilizofumuliwa suka. Ufunge sehemu nne usichanganyike, uloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uutundike kivulini na kitu chepesi chini, kijiko cha mti kinatosha. Kesho yake umenyooka. Sweta hili la kiume limenipa gramu 480.

Nikisema kitanzi hapa Iringa nalisema kwa heshima. Mna mtaa wa Kitanzini, na nimeelezwa na wenyeji kwamba jina lile linawakumbusha walionyongwa enzi za Wajerumani. Neno ni hilohilo moja. Nalitumia kila siku ya kazi yangu, na nikiwa kwenu nalikumbuka tofauti.

Na kwa habari ya vitako na vilivyotupwa, ninyi watu wa Iringa hamhitaji mtu wa Mbeya awafundishe. Neema Crafts ilianza hapa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo wanafuma vitambaa kwa mitambo ya mkono. Mara ya kwanza nilipoingia karakana yao nilikaa chini nikatazama mikono ikitembea, nikasahau nilichotumwa.

Jambo moja ni la hatari na nitalisema bila kuzunguka. Uzi wetu mwingi wa madukani ni akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Ni wa bei nafuu, haupungui ukifuliwa, nondo hawaugusi, na mimi naufuma. Lakini akriliki ikikutana na moto inayeyuka, na ikiyeyuka inanata kwenye ngozi. Sisi tunapikia mkaa na kuni, na watoto wetu wakati wa baridi wanakaa wamezunguka jiko. Niliwahi kufuma vishikio vya sufuria kwa damu ya mzee ya akriliki, vizuri sana kuvitazama. Dada yangu akaipua nacho sufuria ya maharage, ukingo ukagusa kaa, kikageuka kama plastiki na kumshika kidole gumba. Kovu lipo. Tangu siku ile vishikio nafuma kwa pamba tu, na masweta ya watoto siwafumii mikono mipana inayoning'inia. Hujui uzi wako ni wa nini? Kata urefu wa kidole, ushike kwa kibanio juu ya sahani, uwashe kibiriti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Pamba inawaka kama karatasi. Akriliki inajikunja na kuacha shanga ngumu nyeusi.

Damu ya mzee pia huchuja, hasa ya pamba. Kabla hujaiweka jirani na nyeupe, lowesha uzi, ubane kwenye kitambaa cheupe usiku mmoja. Kitambaa kikiamka cha waridi, ufue uzi huo peke yake hadi maji yatoke safi. Wanaotegemea chumvi kuzuia rangi isichuje nawasihi wafanye jaribio hili baada ya chumvi, waone wenyewe.

Sasa umekusanya. Ufume nini? Nunua mzani mdogo wa jikoni kabla ya kununua uzi mwingine. Mzani ndio unaokwambia kikapu chako kinataka kuwa kitu gani. Kofia ya mtoto mchanga inakula gramu 20 hadi 25, na huku kwetu mtoto azaliwaye Julai anaihitaji saa ileile, kwa kuwa kichwa chake kinapoteza joto haraka. Ni kazi ya jioni moja. Soksi za mtoto, gramu 30. Skafu, 150 hadi 200. Sweta la mtoto wa darasa la kwanza, kama 200 na kitu. La mtu mzima 450 hadi 600, na mwenye kifua kama cha marehemu baba yangu umwongezee 100. Mimi nikipita nusu kilo ya nyuzi zilizokubaliana kwenye picha, sisubiri tena, naanzisha vitanzi.

Nilichelewa kujifunza hilo la kutosubiri. Lile sweta la darasa la kwanza lilipokuwa halinitoshi, bibi alilifumua mwenyewe, akalirudisha kuwa madonge mawili makubwa, akanikabidhi. Ilikuwa sufu tupu. Niliyaweka ndani ya sanduku la bati, yamefungwa kwenye khanga yake. Niliolewa nayo. Nilihama nayo mara nne. Kila nilipofikiria kuyafumia kitu, niliona kitu chenyewe hakistahili: skafu ni ndogo mno, sweta la mtoto litachakaa. Miaka 22 yalikaa mle. Mwaka juzi, mwezi wa tatu, nikafungua khanga. Nilipoinua donge la kwanza likabaki mkononi nusu, nusu ikaanguka kama makapi. Viwavi vya nondo walikuwa wameingia. Nondo anayeruka hali sufu, watoto wake ndio wanaokula, na wanapenda sufu iliyokaa gizani bila kuguswa, hasa ikiwa na jasho la zamani. Ningeifua, ningeitoa juani kila mwaka nikaikung'uta, ingekuwepo. Katika gramu 210 nilizopewa na bibi, nilikaa sakafuni nikachambua hadi jioni, nikaokoa 62. Nililia, mume wangu akaja akawasha taa akakaa na mimi.

Wiki ileile nilianza blanketi hili. Naomba vijana mliokaa nyuma mnisaidie kulishika, ni zito. Miraba 64, nane kwa nane, yote imefumwa kwa sindano ya kulabu. Humu ndani kuna vitako vya koni vya mafundi wangu, kuna masweta sita ya Mwanjelwa, kuna uzi uliobaki kwenye ile mikono 24 ya kwaya. Giza limeanzia kona hii, likapauka kuelekea kona ile. Na pale katikati ya kila mraba, ile mizunguko miwili ya kwanza, ni sufu ya bibi. Vipande vilivyookolewa vilikuwa vifupi, vingine havifiki dhiraa mbili, na katikati ya mraba ndiko kipande kifupi kinakotosha. Binti yangu analilalia kila siku. Lina doa la chai hapa, mnaliona. Limeshafuliwa mara nyingi.

Gramu 48 zimeingia humo. Imebaki 14, donge hili dogo. Nimelipima urefu kwa mkono wangu: linatosha watu 40 kila mmoja urefu wa mkono mmoja, na ninyi nimewahesabu mpo 37 pamoja na mama anayetupikia. Nimekuja na mkasi. Litaanza kwa mama huyu wa mbele, litazunguka. Atakayelipata akate urefu wa mkono wake, ampe jirani.

Wote mlielekezwa mje na uzi wa rangi mnayoipenda, na naona mifuko imejaa; kuna mtu ana bluu bahari, kuna mtu kule ana kijani cha majani ya chai ya Mufindi, safi kabisa. Mwenye damu ya mzee atajua pa kuuweka huo wa bibi. Mwenye kijani autie kwenye ukingo wa kofia, mstari mmoja, utaonekana. Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Jua bado liko nje kwa saa moja hivi, na mikeka imeshatandikwa pale uwanjani. Chukueni madonge yenu na simu zenu, tukayapange.